Motere inarate: tafuta silinda kwanza, piesi baadaye

Asubuhi ya baridi Butembo, ukungu bado uko juu ya milima, dereva wa teksi anawasha Carina yake. Motere inaitika, lakini inatetemeka. Usukani unacheza mikononi, bomba la moshi linatoa sauti isiyolingana: put-put-put, kimya, put-put. Akikanyaga esansi gari inasita kwanza, kisha inaruka. Baada ya dakika kumi hali inatulia kidogo, na dereva anaenda kutafuta abiria. Kwenye garaji za Kimemi na za komini zingine za mji, ugonjwa huo unaitwa kwa neno la Kifaransa lililovishwa Kiswahili: motere “inarate”. Wale waliozoea njia ya Uganda wanasema “inamisi”. Ni kitu kimoja.

Ugonjwa wenyewe ni wa kawaida, na mara nyingi dawa yake ni ya bei ndogo. Kinachowamaliza wenye magari ni namna ya kuutibu. Leo wananunua buji nne, kesho waya za buji, juma lijalo pompi, halafu bobini ya okazyo, na motere bado inarate. Mwisho mwenye gari anauza kwa hasara, na aliyenunua anagundua kwamba kasoro ilikuwa mpira mdogo uliopasuka.

Upande huu wa nchi kuna hesabu ingine pia. Gari yenye kukosa nguvu inachagua vibaya mahali pa kusimama. Kwenye barabara ya Beni kwenda Komanda, ambako magari yamekuwa yakisafiri kwa msafara wa kusindikizwa na askari, gari inayorate inabaki nyuma ya zingine. Hata kwenye zile kilometa 54 za Butembo na Beni, hakuna dereva anayependa giza limkute na kapo wazi.

Ndani ya motere kunatokea nini?

Motere nyingi za gari ndogo zina silinda nne. Ndani ya kila moja hewa na esansi vinaingia, pistoni inavikandamiza, buji inatoa cheche, na moto unaisukuma pistoni chini. Kwenye Toyota nyingi silinda zinapokezana kwa mpango wa 1-3-4-2. Motere ikiwa ralanti, inazunguka mara 750 hivi kwa dakika, yaani inawasha moto mara 25 kila sekunde. Mmoja kati ya kila mioto minne ukikosekana, mwenye gari anausikia kwenye kiti.

Moto unakosekana kwa sababu nne tu: cheche haifiki au ni dhaifu, esansi ni chache, ni nyingi mno au ni mbovu, hewa inaingia mahali isipopaswa, au silinda yenyewe haikandamizi tena. Mengine yote ni matawi ya hayo manne. (Gari ya mazutu haina buji ya cheche, yenyewe ni habari ingine, haiko hapa.)

Gari zinazohusika ni zile zilizofanya kazi kwanza Japani, zikateremshwa Mombasa, zikavuka Uganda na kuingia kwa Kasindi, usukani ukiwa bado upande wa kuume: Corolla, Carina, Ipsum, RAV4, Noah. Chini ya kapo ziko jamii mbili. Motere za miaka ya 90, kama 4A, 5A, 7A na 3S, nyingi zina delko moja na waya nne nene zinazokwenda kwenye buji. Zile za kuanzia mwaka 2000 hivi, kama 1ZZ na 1NZ, hazina delko. Kila buji ina bobini yake inayokaa juu yake.

Kutojua gari iko ya jamii gani kunaleta makosa hata kwenye taa ya motere. Gari ya jamii ya pili, kama ina mfumo wa kusomwa na mashine, inaweza kutoa namba P0301, P0302, P0303 au P0304: tarakimu ya mwisho ndiyo silinda inayorate. P0300 ni kusema silinda zinarate ovyo, moja baada ya ingine. Lakini namba hiyo inataja silinda, haitaji piesi. Fundi anayesoma P0303 na kusema papo hapo “ni bobini” anabahatisha kama mwenzake asiye na mashine, tofauti ni kwamba yeye anabahatisha kwa umeme. Gari nyingi za jamii ya kwanza hazijui kabisa kuhesabu mioto iliyokosekana. Motere inaweza kurate mwaka mzima bila taa kuwaka hata mara moja. Kwa hiyo taa iliyozimika haithibitishi kitu.

Kumtambua mgonjwa

Kazi ya kwanza ni kujua silinda gani imelala. Kwenye Toyota hizi, silinda ya 1 ni ile ya upande wa mikanda, na hesabu inaenda kuelekea upande wa gia.

Mafundi wengi wanaichomoa waya ya buji kwa mkono uliofungwa kitambaa, motere ikizunguka. Tabia hiyo ingefaa iachwe. Ndani ya waya ile kunapita umeme wa zaidi ya volti 20 000; unamtupa mtu nyuma, na cheche yake ikikutana na harufu ya esansi garaji nzima inaweza kuwaka. Tena umeme uliokosa pa kwenda unaweza kuua bobini iliyokuwa nzima. Njia nzuri ni kuchomoa fishi ndogo ya injekteri, moja baada ya ingine, motere ikiwa ralanti. Ukichomoa ya silinda nzima, motere inashuka na kutetemeka zaidi. Ukichomoa ya silinda mgonjwa, hakuna kinachobadilika, kwani haikuwa inafanya kazi. Kwenye motere zingine mkono unafika pale kwa shida, lakini unafika.

Asiye na chombo chochote ana njia ya maji. Gari ilale usiku kucha ipoe. Asubuhi iwashwe kwa muda wa dakika moja, halafu tone la maji lidondoshwe kwenye kila tawi la chuma linalotoka kwenye motere kwenda kwenye bomba la moshi, kama kibati cha kuzuia joto kinaruhusu. Matawi matatu yatakausha tone kwa kelele. La nne litabaki na maji yake. Silinda hiyo haikuwaka.

Kisha linafuata jambo linalookoa pesa kuliko yote: kuhamisha badala ya kununua. Tuseme mgonjwa ni silinda ya 3 na gari ina bobini nne. Bobini ya 3 inawekwa kwenye 2, na ya 2 kwenye 3. Ugonjwa ukihamia silinda ya 2, bobini imekufa, na sasa mtu anaweza kwenda dukani akijua anachonunua. Ukibaki kwenye 3, bobini haina kosa. Zihamishwe buji kwa namna ileile, halafu injekteri. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayehamisha vitu viwili pamoja hatajua ni kipi kilichobeba ugonjwa, na atarudi mwanzo.

Kwenye gari ya delko waya nazo zinaweza kubadilishana, urefu ukiruhusu, lakini hapa watu wanajichanganya. Kila tundu la delko lina silinda yake. Waya inaweza kubadilishwa na mwenzake, ila tundu la 3 lazima liendelee kulisha silinda ya 3. Tundu zikichanganywa, motere inapiga risasi kwenye bomba au inakataa kuwaka kabisa. Alama ya wino au uzi kwenye kila waya kabla ya kuichomoa inaondoa shida yote hiyo.

Buji inasema

Buji itolewe motere ikiwa imepoa, kwani kichwa cha motere ni cha aluminiamu na nyuzi zake zinang’oka zikiwa moto. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya silinda yenye afya. Nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria: esansi imezidi au hewa haitoshi; kwanza filta ya hewa itazamwe, kwani vumbi la barabara za hapa linaiziba haraka. Nyeusi yenye mafuta: oili inapanda kutoka kwenye pete za pistoni au inashuka kwenye valvu. Iliyolowa esansi: chakula kimefika, cheche haikufika. Nyeupe yenye malengelenge: joto limezidi, pengine esansi ni chache. Na buji moja ikitoka safi kupita zingine, kama iliyooshwa, maji ya radiateri yanaweza kuwa yanaingia kwenye silinda ile.

Nafasi ya ncha nayo ina kipimo chake. Kwa motere nyingi za Toyota za miaka ya 90 zenye buji za kawaida ni milimita 0,8. Zile zenye ncha nyembamba za platini au iridiamu ni 1,1. Kadiri buji inavyochakaa nafasi inapanuka, na bobini inalazimika kusukuma umeme mwingi zaidi. Ndiyo sababu gari inaweza kutulia ralanti na kurate inapopanda: motere ikibeba mzigo, hewa iliyokandamizwa ndani ya silinda ni nyingi, na cheche inapata shida kuruka. Anayetoka Beni kwenda Butembo anapanda zaidi ya mita 500; buji zilizochoka zinajitangaza njiani.

Kuhusu buji za bandia, ziko nyingi sokoni zenye majina makubwa ya Kijapani. Maandishi yanayofutika kwa kidole, nafasi za ncha zisizolingana kati ya buji nne za pakiti moja, na chuma chenye rangi hafifu vinatosha kumfanya mtu asite. Buji nne za okazyo zilizopimwa na kusafishwa ni afadhali kuliko nne mpya za uongo. Wakati wa kurudisha, buji ikazwe kwa vidole mpaka ikae, halafu ufunguo uizungushe nusu duara kama ni mpya. Iliyokwisha kutumika inahitaji kidogo sana tu.

Kwenye shimo la buji kuna siri ingine ya 4A na ndugu zake: mipira ya kifuniko cha valvu inazeeka, oili inavuja na kujaa ndani ya shimo, na kofia ya waya inaogelea humo. Umeme unapotea pembeni. Kuweka waya mpya bila kubadilisha mipira ile ni kununua majuma machache tu. Maji yanafanya vilevile, na ndiyo maana gari nyingi zinaanza kurate siku zilipooshwa motere mtoni au kwa mashine ya presha. Hapo hakuna ugonjwa. Kofia zitolewe, mashimo yapulizwe na kukaushwa.

Kama gari inarate wakati wa mvua na ukungu tu, waya na kofia ya delko ndivyo vya kushukiwa. Usiku, kwenye giza kabisa, kapo ifunguliwe motere ikizunguka, mikono ikae mbali. Waya iliyopasuka inaonyesha mistari ya bluu inayoruka kwenda kwenye chuma. Zikinyunyiziwa maji kidogo kwa chupa, mistari inaongezeka na motere inayumba. Kwa mwenye kipima umeme, waya moja ya Toyota haipaswi kupita kilo-omu 25. Ndani ya kofia ya delko, mstari mwembamba mweusi kama uliochorwa kwa penseli ni njia ambayo umeme umejitengenezea. Kusugua hakuuondoi, kofia inabadilishwa. Kinyume chake, gari inayoanza vizuri asubuhi na kurate ikishapata joto, inaelekeza kwenye bobini.

Esansi ya barabarani

Silinda zote zikirate kwa zamu, hakuna haja ya kuhamisha kitu. Kosa liko kwenye kile zinachoshirikiana, na swali la kwanza ni: esansi ya mwisho ilinunuliwa wapi? Kando ya barabara kadhafi amepanga chupa na bidoni zake, esansi iliyokuja kwa njia ya Kasindi. Si haki kumlaumu yeye kwa kila kitu, kwani mara nyingi anauza alivyouziwa. Lakini bidoni iliyokaa wazi kwenye mvua ina maji, na kila mkono ambao esansi imepita ulikuwa na nafasi ya kuongeza mafuta ya taa.

Vipimo viwili havigharimu kitu. Esansi iwekwe kwenye chupa nyeupe na kuachwa robo saa: maji ni mazito, yanashuka chini na kuonyesha mstari. Tone lingine lidondoshwe kwenye karatasi safi: esansi halisi inaruka hewani na karatasi inabaki kama ilivyokuwa, mafuta ya taa yanaacha doa la utelezi. Vipimo hivi vifanyike mbali na moto na sigara, na kabla ya kumimina, si baada.

Teksi zina shida yao ya pekee. Dereva anayemlipa boss kila jioni anaweka litre mbili au tatu asubuhi, anaongeza zingine mchana, na tangi haijai kamwe. Kwenye gari hizi pompi iko ndani ya tangi na inapozwa na esansi inayoizunguka. Tangi ikikaa karibu tupu, pompi inapata joto, inavuta uchafu wa chini, na filta inaziba. Gari inakuwa nzuri mjini kisha inakosa pumzi mlimani na vitesi ya pili. Filta ya esansi ndiyo piesi pekee ambayo inaweza kubadilishwa bila uchunguzi mrefu, kama hakuna anayekumbuka ilibadilishwa lini.

Hewa ya wizi na hewa ya mlimani

Motere inayorate ralanti na kutulia mara tu inapokanyagwa inaweza kuwa inavuta hewa ya pembeni. Mipira midogo inayozunguka motere inakauka na kupasuka, hasa kwenye pembe. Sikio linasikia mluzi. Maji yakinyunyiziwa kwenye ufa, sauti ya motere inabadilika kwa sekunde chache. Wengine wananyunyizia esansi. Juu ya motere yenye moto, hiyo ni kuichoma gari.

Kama cheche, esansi na hewa havina kosa, inabaki kupima mkandamizo. Buji zote zitolewe, fishi za bobini na injekteri zichomolewe, esansi ikanyagwe mpaka chini, batri iwe na nguvu. Hapa mahali penyewe panadanganya. Vitabu vya Toyota vinataja kwa 4A-FE kilo 13,5 kwa sentimeta mraba kama afya, 10 kama mwisho wa chini, na tofauti ya kilo 1 tu kati ya silinda. Vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Butembo iko juu, mita 1700 na zaidi, na hewa yake ni pungufu karibu moja ya tano. Motere nzima kabisa inaweza kuonyesha 11 hivi Butembo, na ile ya kushukiwa ni iliyo karibu na 8. Beni, iliyo chini zaidi, upungufu ni kama moja ya nane. Fundi anayesoma kitabu bila kusoma mlima atafungua motere isiyo na ugonjwa. Cha kutazama kwanza ni tofauti: 11, 11, 6, 11 inasema wazi, popote ilipopimwa.

Silinda yenye kipimo cha chini imiminiwe kijiko cha oili kupitia shimo la buji na kupimwa tena. Kipimo kikipanda, pete za pistoni zimechoka. Kisipopanda, ni valvu au gasketi ya kichwa, ile mafundi wanayoiita “joint de culasse”. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, na maji ya radiateri yanapungua bila kuonekana yanapokwenda, gasketi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Zote nne zikiwa chini kwa kiasi kilekile, mkanda wa ndani unaweza kuwa umeruka jino.

Dereva anaweza kusema: gari bado inatembea, nitatengeneza mwisho wa mwezi. Esansi isiyowaka ndani ya silinda haipotei. Sehemu yake inateremka kwenye kuta, inaosha oili inayolinda pete, na kuingia kwenye karteri. Kijiti cha oili kikinuka esansi, au oili ikionekana kupanda badala ya kushuka, motere iko inajisaga, na buji ya bei ndogo inageuka kuwa motere nzima ya okazyo. Sehemu ingine inaenda kuwakia kwenye bomba la moshi. Kama kichujio cha moshi bado kipo, kinaweza kuwa chekundu kwa joto na kuyeyuka ndani, kisha gari inazibwa pumzi. Oili iliyoingiwa na esansi imwagwe siku ileile ugonjwa ulipotibiwa.

Baada ya kazi, gari isijaribiwe kwenye lango la garaji tu. Ipandishwe mlima ikiwa na watu ndani, kwa vitesi ya tatu, motere ikiwa imepata joto, halafu izimwe na kuwashwa tena. Buji moja nzima, ufunguo wake, na bobini au waya iliyotolewa ikiwa bado inafanya kazi vinaingia kwenye mfuko mmoja chini ya kiti, kabla gari haijashika njia ya Komanda au Kasindi.